Milango Miwili, Chumba Kimoja

Muamba alikuwa na mdomo. Hilo hata mama yake mzazi hakulikana. Kutwa nzima alikuwa mtu wa maabara, akipima unga wa mawe yaliyoletwa kwenye vifuko vyenye namba kutoka mashimo ya mgodi wa Mashamba, kazi ya kunyamaza na kuandika. Basi maneno yote aliyoyabana kwa juma zima aliyamwaga kila Jumatatu katika ujumbe wa sauti wa dakika kumi, na ujumbe huo ukazunguka kwenye simu za vijana wa Kolwezi hadi Fungurume kabla hajanawa mikono ale.

Maneno yenyewe yalihusu michezo ya video. Si yote, maana ya mpira na ya magari hakuitaka hata kuisikia. Alichopenda ni ile michezo ambayo mchezaji anavaa maisha ya mtu mwingine: anampa jina, anamlea kutoka unyonge mpaka ushujaa, na njiani anachagua la kusema na la kutenda. Wenyewe wanaiita jeu de rôle. Muamba aliianza akiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye televisheni ya jirani, na tangu hapo hakuna mtengenezaji wa michezo duniani aliyesalimika na ulimi wake.

“Ba développeur ba makampuni kubwa,” alisema katika ujumbe mmoja uliompa jina, “banatuuzisha jeu yenye haiyaiva, kisha banatuma mise à jour ya kuirekebisha, ma-giga makumi ine. Sasa mi niko Kolwezi, nanunua mega na feza ya mukate. Banafikiri nitaishusha na nini, na ndoo?”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini chini ya mzaha kulikuwa na imani, na imani hiyo hakuitania. Alisema mchezo wa kweli unakumbuka: ukimtukana mtu saa ya kwanza, saa ya ishirini akunyime maji. Alisema mtengenezaji anayekutuma ukachume majani kumi, kisha mengine kumi, anakuibia maisha. Na dhambi kubwa kuliko zote, ile asiyoweza kuisamehe, ilikuwa uchaguzi wa uongo, pale mchezo unapokuuliza uende kushoto au kulia, kisha popote uendapo unafikishwa mahali palepale. “Milango mbili, chumba moya,” alizoea kusema, na vijana waliandika maneno hayo kwenye picha zao za simu.

Kisha akakutana na *Kamba*.

*Kamba* ulikuwa mchezo mdogo wa simu, wa bure, usio na jina la mtengenezaji. Mchezaji anakuwa mama anayeuza maji kwa wachimbaji wa mikono, kwenye machimbo fulani nje ya mji, na mwanawe anashuka shimoni kwa kamba. Michoro ilikuwa ya mkono wa mtu anayejifunza, lakini maneno yalikuwa na uhai, na watu wa humo walisema kama watu wa Kolwezi. Muamba aliucheza mara saba. Mwishoni mvua inanyesha, udongo unaanza kutitia, na mchezo unamuuliza mama: ushike kamba uvute mwenyewe, au ukimbie ukaite wanaume? Ukishika kamba, mtoto anakufa. Ukikimbia, mtoto anakufa.

Jumatatu ile Muamba hakumwachia kitu. Alimwita mtengenezaji mwongo, akamwita mwoga, kisha, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeshavimba na mdomo umeshapata moto, akaongeza neno ambalo hakulipanga. “Uyu mutu anacheza na kifo ya mutoto sawa anacheza na karata. Mi naona hajapotezaka hata kuku.”

Ujumbe huo ulisikika kuliko yote aliyowahi kutuma.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Alhamisi, alipotoka kazini alimkuta Abigaëlle akimngoja langoni, mikono kifuani, vumbi la malori limemjaa kwenye nyusi. Abigaëlle alikuwa mchumba wake. Jumamosi ya juma hilohilo, siku mbili tu mbele, baba wadogo na wakubwa wa Muamba walikuwa waende kwa kina Abigaëlle kujitambulisha na kupeleka kinywaji.

“Muamba, ile jeu ya *Kamba*,” alisema bila kumsalimu.

“Ile ya muongo ule?”

“Ni mama njo aliitengeneza.”

Muamba alicheka kwanza. “Mama wa nani?”

“Mama wangu. Mama Bilonda.”

Mama Bilonda alikuwa mwalimu wa kompyuta kwenye lisé, shule ya sekondari, mjane, mwanamke wa miwani na chaki, asiyepandisha sauti. Sebuleni kwake ilining’inia picha ya Kalumba, kaka yake Abigaëlle, aliyefukiwa na udongo machimboni miaka mitano iliyopita. Muamba aliijua picha ile, alikuwa amekaa chini yake mara nyingi akinywa chai. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kusimulia jinsi ilivyokuwa, naye hakuuliza. Wala haikumpitia akilini kwamba mama muuza maji wa kwenye simu angeweza kuwa mwalimu yule.

“Na ye alisikia audio?” aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya Jumatatu.

“Yote. Jana njo aliniambia ni yake. Hata mi sikukuwa najua. Alinisikilizisha, ananiangalia tu.”

“Alisema nini ya kuku?”

“Hakusema kitu ya kuku.” Abigaëlle alifuta macho kwa kiganja, akajipaka vumbi zaidi. “Alisema: siku ya posho, Muamba akuye mbele baba wake bafike, peke yake. Juu kisha pale sitaweza tena kumuangalia.”

Mama hakuwa akitia chumvi. Siku ya posho ni Jumamosi, siku ambayo zamani kampuni ya migodi iligawa chakula, na Jumamosi hiyo kinywaji kikishapokelewa, Muamba angekuwa mkwe. Familia nyingi za mjini zimelegeza mambo ya bukwe, ile heshima ya wakwe. Siku hizi utaona mkwe na mama mkwe wamepanda teksi moja wakipiga soga. Ila watu wa Mama Bilonda, waliotoka kaskazini ya Katanga na mila zao zikiwa nzima, hawakulegeza. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali meza moja, hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Mama anapomwona mkwe wake hujifunika kitambaa na kumpa mgongo, na huko si kumdharau. Ni heshima ya juu kabisa, na ni ya maisha yote.

Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa mara ya mwisho kwao kusema ana kwa ana. Na tangu baba yake Abigaëlle afariki, hakuna neno lililopita katika nyumba ile bila kibali cha mama. Mama akikataa, hakuna ndoa. Muamba alilijua hilo kama alivyolijua jina lake, na usiku wote wa Alhamisi na wa Ijumaa hakupata usingizi wa maana.

Baba yake mdogo, Tata Kankolongo, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao, hakuona tatizo.

“Sema ile jeu ni muzuri,” alisema akipiga pasi suruali yake. “Sema ulilia mpaka shati ikalowana. Nani ataenda kuipima?”

“Tata, ye alisikia nilisema ni mwongo.”

“Sasa utasema ulikosa. Mwanaume anayetafuta bibi anakosaka kila siku. Unataka Abigaëlle, ao unataka kuwa na haki?”

Muamba alimtaka Abigaëlle. Alimtaka kwa namna iliyomuuma mbavuni kila alipofikiri kumkosa. Akakata shauri: atasema uongo, tena uongo mnene, na Jumatatu ataurudia mbele ya Kolwezi nzima.

Jumamosi jua likiwa utosini alifika mtaa wa Manika, kwa kina Abigaëlle. Uani walikuwa wanafunga turubai na kupanga viti vya plastiki. Mashangazi walisonga bukari, ugali wa kwao, kwenye masufuria makubwa, wakamtazama akipita kama watu wanaotazama mgonjwa akiingizwa kwa daktari. Mlangoni alisimama Tata Kabemba, ndugu yake Mama Bilonda, ndani ya koti zito lisilofaa kwa joto lile.

“Sikia muzuri,” Tata Kabemba alimwambia. “Baba wako bakifika, bakukute mu nyumba na dada wangu, mi sitabapokea. Mukwe hakaaka na mama mukwe. Honi ya gari ikilia, unatoka. Tunaelewana?”

“Tunaelewana, tata.”

Ndani palikuwa na viti viwili, televisheni, na kompyuta iliyounganishwa nayo kwa waya. Mama Bilonda alikuwa amekaa wima, kitambaa cha kitenge begani, bado hajajifunika. Juu ya kichwa chake Kalumba alitabasamu kwenye fremu yenye utepe mweusi.

“Yambo, mama,” Muamba alisema, akapiga goti kidogo, na bila kuvuta pumzi akaanza. “Mama, ile jeu, mi nilikosa. Nimeicheza tena. Ni muzuri sana, nililia mpaka...”

“Muamba.” Hakuipandisha sauti. “Sikukuita juu ya kunisifu. Ile audio nimeisikia mara kumi na moya. Kaa. Cheza.”

Akampa kipanya cha kompyuta. Muamba akakaa, akacheza.

Alicheza akisikia kila kitu: viti vikiburutwa uani, miiko ikigonga masufuria, jenereta ya jirani ikikohoa. Kwenye skrini mama muuza maji aliamka, akachagua rangi ya ndoo, akachagua njia ya kupita, akachagua kama amsamehe au asimsamehe mteja mlevi. Mchezo ulikumbuka kila alichochagua. Muamba alipomsamehe mlevi, mlevi yule alirudi siku ya tatu akambebea ndoo. Alikuwa amelisahau jambo hilo, na moyoni alijisuta, maana ndilo lile hasa alilowadai watengenezaji wote wa dunia, na huyu alilifanya, naye katika dakika kumi za maneno yake hakulitaja.

Siku ya mwisho ikafika. Asubuhi mwana akasimama mlangoni na mfuko wake, akasema, mama akajibu, akaenda. Mvua. Udongo. Kamba.

“Chagua,” alisema Mama Bilonda.

Akashika kamba. Mtoto akafa.

“Rudi. Chagua ingine.”

Akakimbia kuita wanaume. Mtoto akafa. Nje mtu alicheka, na mwingine akamwambia anyamaze.

“Sasa sema,” alisema Mama Bilonda. “Sema sawa vile ulisemaka mu simu. Baba wako hawako mbali.”

Uongo wa Tata Kankolongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Muamba, umekunjwa vizuri, kazi ilikuwa kuutoa tu. Akamtazama Kalumba, akamtazama mama aliyekaa chini yake. Akafikiri: hili ndilo neno la mwisho nitakalomwambia huyu mama usoni mpaka mmoja wetu azikwe. Nikimdanganya leo, uongo huo utakaa kati yetu maisha yote, na hakutakuwa na siku ya kuuondoa. Alimwona Abigaëlle akipita dirishani na trei ya glasi, na nusura moyo umsaliti.

“Ile neno ya kuku, mama, naiondoa,” alisema. “Ilikuwa neno mubaya, na nilikosa. Nakuomba musamaha.”

“Na ingine?”

“Ingine siiondoe.”

Mama Bilonda aliinamisha kichwa kidogo, kama mwalimu anayemruhusu mwanafunzi aendelee.

“Ile milango mbili ya kamba ni ya uongo,” Muamba alisema, maana miguu ilikuwa imeshaingia majini. “Pale mutoto amekwisha kufa. Mama anachagua bure. Nilikuwa nakasirika nayo, njo nikatukana. Lakini mara saba zote, mama, mi sikuumia pale. Niliumia fasi ingine.”

“Wapi?”

Akarudisha mchezo nyuma. Kwenye skrini ikawa tena asubuhi. Mwana alisimama mlangoni na mfuko wake, na chini yake yakatokea maneno: *Mama, leo nibaki?* Chini ya maneno hayo palikuwa na kitufe kimoja tu: *Enda.*

“Hapa,” alisema Muamba. “Mu jeu yote unatuachia kuchagua. Hata rangi ya ndoo. Hata kumusamehe mulevi. Lakini hapa, mutoto anauliza mama yake, na développeur anatupatia kifungo moya. Nilitafuta ya pili mara saba. Haiko. Mama, mulango haiko ku kamba. Iko ku asubui. Na kuko mutu aliufunga.”

Mama Bilonda alivua miwani, akaiweka mapajani. Alipoinua uso, Muamba aliona macho ambayo hakuwahi kuyaona, na akaogopa kuliko alivyoogopa tangu Alhamisi.

“Nani alikuambia?”

“Aliniambia nini, mama?”

“Abigaëlle?”

“Mama, hakuna mutu aliniambia kitu.”

“Abigaëlle hajui,” alisema polepole, kama anayejikumbusha. “Ule mwaka alikuwa ku Dilolo, kwa shangazi yake. Hakuna mutu anajua.”

Akasimama. Miwani ikaanguka sakafuni, hakuiokota. Akaingia chumbani kwake, na Muamba akasikia ufunguo ukizunguka. Palepale nje honi ya gari ikalia.

Tata Kabemba aliingia, akaona kiti kitupu, akaona miwani sakafuni. “Umefanya nini?” aliuliza, na hakungoja jibu. Alimshika Muamba mkono, akampitisha mlango wa nyuma, katikati ya masufuria na mashangazi, akamsukuma kwenye uchochoro ili azunguke na kuingia upya kwa lango la mbele pamoja na wazee wake, kama mtu aliyefika sasa hivi. Muamba akazunguka mbio na viatu vyake vipya, akijikwaa, akijua ameshaiharibu siku yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Sherehe ilianza kama zinavyoanza zote. Tata Kankolongo alisimama, akasema wameona ua zuri kwenye ua wa nyumba hii na wanaomba ruhusa ya kulitazama. Upande wa pili wakasema hapa hakuna maua, hapa kuna mihogo tu. Watu wakacheka. Muamba alikaa katikati ya wazee wake, hasikii utamu wowote, macho yamemganda kwenye mlango wa chumba ulioonekana kupitia sebuleni. Mlango ulikuwa umefungwa.

Abigaëlle akaletwa. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani, na alipendeza mpaka Muamba akatamani kulia. Wakampa glasi ya bia. Wakamuuliza mara tatu kama anawajua watu hawa, mara tatu akasema anawajua. Akaenda kwa Tata Kabemba, akapiga magoti, akamkabidhi glasi kwa mikono miwili. Mjomba akinywa, neno limekwisha.

Tata Kabemba aliipokea glasi. Hakunywa. Alimtuma Mama Honorine, shangazi mkubwa, akamwite dada yake. Mama Honorine akagonga mlango wa chumba, akasema naye kwa muda, akarudi akitikisa kichwa. Akatumwa tena. Akarudi tena. Povu la bia likatulia, likaisha. Abigaëlle alibaki magotini, na manung’uniko yakaanza kwenye viti vya nyuma.

“Ulisema nini kule?” Tata Kankolongo alimnong’oneza Muamba bila kusogeza midomo.

“Kweli.”

“Yesu,” alisema Tata Kankolongo.

Mlango ukafunguka.

Mama Bilonda alitoka kichwa wazi. Kitambaa kilikuwa bado begani. Alipita sebuleni, akashuka uani, akapita kati ya viti bila kumsalimu mtu, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Muamba, akamtazama usoni. Mashangazi walivuta pumzi kwa pamoja. Mama anayemtazama mchumba wa binti yake namna hiyo, siku hiyo, mbele ya wazee, anamwambia kila mtu kwamba huyu bado ni mgeni. Muamba alisimama kwa sababu hakujua la kufanya.

“Aliniuliza,” alisema Mama Bilonda. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini uani palikuwa kimya, hata jenereta ilisikika mbali. “Ile asubui, ku mulango. Mvua ilikuwa imenyesha. ‘Mama, leo nibaki?’ Alikuwa natafuta feza ya kulipa université. Mi njo nilimuambia: enda.”

Abigaëlle aligeuka, bado magotini.

“Miaka tano sijasema ile neno na mutu,” aliendelea mama, machozi yakimshuka bila ya yeye kuyagusa. “Niliificha mu jeu. Nikasema hakuna mutu ataiona, bataona kamba tu. Bote balinisifu ju ya kamba. We peke yako uliona.” Akanyamaza, akamtazama mara ya mwisho, uso mzima, kama mtu anayetaka kuukumbuka. “Ni ivyo nilitaka kusema. Kisha pale hatutasemezana tena.”

Akakivuta kitambaa kutoka begani, akajifunika kichwa mpaka kwenye paji la uso, akageuka, akampa Muamba mgongo.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha Tata Kabemba akaelewa, akainua ile bia iliyokuwa imeshapoteza utamu, akainywa yote mpaka glasi ikabaki tupu, na vigelegele vikapasua turubai. Abigaëlle hakungoja kuinuliwa. Alimkimbilia mama yake, akamkumbatia kwa nyuma, wakabaki hivyo wawili wakitikisika. Muamba alikaa chini akalia waziwazi, mbele ya wazee wa pande mbili. Tata Kankolongo alimwekea mkono mgongoni, akaligusa shati.

“Sasa imelowana kweli,” alisema.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza siku ile Muamba na Abigaëlle walipokwenda kumsalimu mama, Jumapili mchana baada ya misa. Walikuwa wameshaoana. Mkwe alikaa uani chini ya paa la bati, mgongo kwa jikoni kama ipasavyo, na mama mkwe alikuwa jikoni humo akisonga bukari, mgongo kwa uani. Salamu zao zilipita kwa Abigaëlle. Muamba alikuwa na mengi ya kumwambia mama yule, lakini mengi hayo hayakuwa na njia.

Simu yake ililia. *Kamba* ulikuwa na toleo jipya. Lilikuwa dogo, halingemaliza hata mega za asubuhi, na chini yake mtengenezaji ameandika sentensi moja tu: *Asubuhi imerekebishwa.*

Muamba alimwonyesha Abigaëlle. Wakasogeza viti karibu. Alipita siku za mwanzo haraka haraka mpaka ile ya mwisho. Mwana akasimama mlangoni na mfuko wake. *Mama, leo nibaki?* Vitufe vilikuwa viwili. *Enda. Baki.*

Muamba akabonyeza *Baki*.

Mwana aliuweka mfuko chini. Akavua viatu, akaketi. Mama yake akamwekea bukari na mboga ya sombe, na juu ya bati mvua ikaanza kunyesha. Akaanza kula. Hakuna aliyekuja kuwaita, hakuna kengele iliyolia, hakuna mashujaa. Mama alikaa kwenye kigoda, akimtazama mwanawe akila.

Muamba alingoja mchezo uendelee. Hapakuwa na kitufe cha kuendelea. Alitafuta la kusema, yeye aliyekuwa na la kusema juu ya kila mtengenezaji wa dunia, na hakulipata. Nyuma yake, jikoni, mwiko ulikuwa umenyamaza. Baada ya muda akapeleka kidole pembeni ya simu ili aifunge.

Abigaëlle alimshika mkono.

“Usifunge,” alisema. “Muache kwanza amalize kula.”